Bahasha za Kaki za Mzee Paskali

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ana haraka ya kujua ni saa ngapi, halafu mkanisihi niwaandikie mambo ya zamani ya kazi. Haya, nimekaa, naandika. Vyeo sitavigusa, vilikuja vilipojisikia. Mshahara nao mnaujua wenyewe. Nitawaambia habari za kaunta ya posta ya Sumbawanga wakati wa Ujamaa, na za kijana mmoja aliyekuwa anajifunza urubani jeshini wakati wa vita, ambaye barua zake kwa baba yake ziliniotesha mvi kabla sijafika hata miaka thelathini.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Uhamisho wangu wa Sumbawanga ulipotoka, ofisi nzima iliniangalia kama mtu aliyefiwa. Enzi zile mtumishi akipangiwa Sumbawanga wenzake walimpa pole. Mmoja alinishauri nilale na chumvi chini ya mto, mwingine akaniuliza kama nitapanda basi au nitatumiwa ungo. Upuuzi mtupu! Kwa miaka yote niliyokaa pale, uchawi pekee nilioushuhudia ulikuwa wa barabara ya Tunduma wakati wa masika, ambayo ilimeza lori zima la mfanyabiashara na kulitapika wiki ya pili. Watu wenyewe niliwakuta wapole, wanakuamkia kwa kupiga makofi taratibu, wanalima mahindi na ulezi, na wana tabia moja tu iliyonizeesha: hawakwambii jambo mpaka uliulize.

Ofisi yetu ilikuwa na kaunta ya mninga, mizani ya shaba, na sanduku la stampu ambalo kitasa chake kilimfungukia yeyote aliyelipiga ngumi ubavuni. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Yusufu, mpanga barua, mtu wa Ujiji, mkali kama pilipili kichaa. Siku ya kwanza hakunipa barua hata moja nishike. Alinipa kamba, lakiri na mshumaa, nikafunga na kufungua mdomo wa mfuko mtupu mpaka vidole vikatoka malengelenge. "Fundo lako likiachia njiani," aliniambia, "watu hawatasema fundo limeachia. Watasema Masanja mwizi." Alikuwa na neno lake jingine alilolirudia kila tukipanga barua: barua ni ya aliyeandika mpaka ishikwe na aliyeandikiwa, na wewe hapo katikati huna lako. Maneno mazuri sana. Ila hakuniambia nifanye nini kama aliyeandikiwa hataki kuishika.

Halafu anwani! Nyinyi leo mnalalamika kuhusu namba za simu zilizokosewa. Enzi zile Operesheni Vijiji ndiyo kwanza imepita, watu wamehamishwa na mabati yao kichwani, na barua bado zinawafuata kule walikotoka, mahali palipobaki mikaratusi na majivu ya jiko. Tukawa tunategemea vigango vya kanisa. Katekista alikuja mjini kwa baiskeli, au kwa basi la akina Nassoro, wafanyabiashara wa mjini waliotubebea na mifuko yetu. Alichukua barua za watu wake wote, na Jumapili baada ya ibada alisimama mlangoni mwa kanisa akasoma majina kwa sauti. Mwenye jina aliitika, akapita mbele ya watu, akapokea. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua nani kaandikiwa na kwa bahasha ya namna gani.

Vita na nduli vilipoanza huko Kagera, sisi tulikuwa kona nyingine kabisa ya nchi. Vilitufikia kwa njia ya sabuni, sukari na petroli, ambavyo vilikwenda mbele navyo vikasahau kurudi. Bahasha nazo ziliadimika madukani. Vijana walioko jeshini wakawa wanaandika nyumbani kwa zile za serikali, za kaki, zenye mhuri wa kikosi kwenye kona.

Ndipo zikaanza kuja za Krispini. Huyu alikuwa mtoto wa Mzee Paskali, mkulima wa ulezi katika kijiji kimoja upande wa Mwimbi. Baba alimsomesha seminari ili awe padre. Kijana akamaliza seminari ndogo, akaaga, akaenda jeshini, huko akachaguliwa kujifunza kurusha ndege. Habari hizi nilipewa na Gaspari, katekista wa kigango chao, baada ya kumuuliza moja moja kama polisi. Bahasha ya kwanza ilikwenda na haikurudi; zilizofuata Gaspari alizichukua pamoja na barua nyingine. Wiki iliyofuata alizirudisha.

"Vipi hizi?" nikamuuliza.

"Mzee Paskali hazipokei."

"Kwa nini?"

"Hazipokei tu, Ndugu Masanja."

"Amehama?"

"Yupo."

"Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Juzi tulikuwa naye shambani."

"Sasa?"

"Ndiyo hivyo."

Ndiyo hivyo! Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Mwezi uliofuata zikaja nyingine, akazichukua, akazirudisha, na jibu likawa lile lile. Mimi nikajumlisha mwenyewe: mzee ana kinyongo cha upadre. Mtoto kamwaibisha, mzee kasusa. Niliwahi kuwaona wazee wa namna hiyo kwetu, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Kijana naye hakuwa wa kukaa kimya. Barua kwa baba yake zikikosa majibu, aliandika kwa Postamasta. Postamasta wetu alikuwa mtu wa pwani aliyevaa makoti mawili mwaka mzima, na malalamiko yote alinisukumia mimi. "Ndugu Postamasta," kijana aliandika, "naandika kwa mara ya tatu. Barua zangu kwa baba yangu mzazi hazijibiwi. Ama mnazipoteza ama mnazila. Mimi hapa naamka alfajiri kujifunza ndege ya kuwalinda nyinyi mliokaa vitini mkisubiri chai. Naomba uzalendo." Uzalendo! Kiti changu kilikuwa na miguu mitatu na tofali, na chai yangu haikuwa na sukari kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Nilimjibu kwa adabu kwamba barua zinafika, ila mpokeaji hajazichukua. Akanirudishia: "Hajazichukua maana yake nini? Baba yangu ana miguu."

Mzee Yusufu aliisoma ile akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nagombezwa na mtu nisiyemjua kwa kosa la mtu nisiyemjua, na katikati yao nina mhuri wa tarehe tu mkononi.

Barua yake ya mwisho ilikuja kwa mwandiko ule ule, lakini ugomvi haukuwamo. Aliandika kwamba mafunzo yao yamefupishwa kwa sababu ya vita na karibu watapelekwa mbele. "Siku naondoka nyumbani baba alikuwa shambani," alisema. "Nilimuaga, akainama akaendelea kulima, hakunijibu neno. Mimi siwezi kupanda huko juu huku sina radhi ya baba. Ndugu wa Posta, kama kuna njia yoyote ya kumfikia, mwombeni aseme neno moja tu, hata kama atalisema kupitia kwenu." Nikaisoma mara ya pili. Hasira yangu kwake ikaisha palepale, ikahamia yote kwa mzee.

Nikampelekea Postamasta. Akasoma, akatikisa kichwa, akafungua droo akatoa mhuri. "Pole yake," alisema. "Lakini kanuni ni kanuni. Muda wa zile barua kukaa hapa unaisha wiki ijayo. Zikiisha muda, unagonga IMEKATALIWA, zinarudi kwake."

"Bwana mkubwa, kijana anakwenda vitani! Akirudishiwa rundo la barua zake zimegongwa hivyo, ataelewa kwamba baba yake kamlaani."

"Na baba yake kazikataa, au hakuzikataa?"

"Kazikataa."

Akajivutia koti la pili. "Basi mpelekee mwenyewe, azikatae mbele yako, roho yako itulie."

Alidhani ananikomoa. Kesho yake nikatia zile bahasha kwenye mkoba nikapanda basi la akina Nassoro.

Safari yenyewe msiniulize. Tulisukuma basi zaidi ya lilivyotubeba. Nilivaa viatu vya ofisi kwa sababu sikuwa na vingine, na kimoja kilibaki ndani ya tope mpaka utingo alipokichimbua kwa koleo, akanikabidhi akisema, "Kiatu chako, Posta, saini hapa." Abiria wakacheka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule mzee. Nilitaka nimwambie kwamba mtoto ni mtoto, awe padre, awe rubani, awe mpiga debe, na kwamba kiburi hakipeleki mtu mbinguni. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana.

Mzee Paskali alinipokea kwa makofi na kicheko, mtu mwembamba, koti limechanika bega, mikono imejaa udongo. "Karibu, mwanangu, karibu. Umelowa! Sogea motoni." Nikaletewa ugali wa ulezi na maharage kabla sijaulizwa nimefuata nini. Gaspari naye akatokea, maana mgeni kijijini hafichiki. Nikawa nakula huku nimekasirika, kazi ngumu sana hiyo, chakula kikiwa kitamu. Kilichonishangaza ni mama mwenye nyumba. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amejifunga kaniki, nywele zimenyolewa, na majirani waliopita walimsemesha kwa sauti ya chini. Pale uani palikuwa na majivu ya moto mkubwa ambayo hayajazolewa. Nikajiuliza ni nani amefariki.

Nilipotoa bahasha mkobani, mama akafunika uso. Mzee akageukia zizi la ng'ombe.

"Mzee wangu, hizi ni za mwanao."

"Naziona."

"Zipokee basi."

"Siwezi."

"Kwa sababu aliacha upadre?"

Akanigeukia kwa mshangao wa kweli. "Upadre? Hayo si yalikwisha? Mdogo wake yuko seminari sasa hivi, na anakula vizuri tu."

Maneno yangu yote ya safarini yakaishia hapo. "Sasa tatizo ni nini, baba?"

"Krispini yuko msibani."

"Kafiwa na nani?"

"Msiba ni wake mwenyewe."

Lahaula! Nikaweka tonge chini. Gaspari, baada ya mimi kuuliza, na kuuliza tena, akanieleza. Mwanzoni mwa vita, familia moja ya kigango cha jirani ilipata bahasha ya kaki yenye habari za kifo cha kijana wao. Jumapili iliyofuata Gaspari akasimama mlangoni mwa kanisa, akasoma: Paskali. Watu wakaona kaki mkononi mwake. Kabla mzee hajainuka kwenye benchi, mwanamke mmoja nyuma akapiga ukelele, na kanisa zima likaitikia. Mzee akabebwa, mama akabebwa, wakafika nyumbani moto wa msiba umeshawashwa, vitu vimetolewa nje, kuku wamechinjwa, mama ananyolewa. Bahasha iliwekwa juu ya ghala la mahindi na hakuna aliyethubutu kuisogelea. Kesho yake mwalimu wa shule akaja kutoa pole, akaomba aione, akaifungua. "Baba na mama, mimi ni mzima. Naomba mnitumie soksi za sufu, baridi ya huku juu ni kama ya nyumbani."

"Soksi," nikasema.

"Soksi," akasema Gaspari.

"Si mlifurahi?"

"Tulifurahi sana!" Mzee Paskali akadakia. "Tulicheza! Lakini msiba ulikuwa umeshawekwa, mwanangu."

Kwa wazee wa ukoo ule, msiba ukishawekwa hauondoki kwa kusema samahani. Lazima mtani aje auvunje: avae nguo za aliyeliliwa, amwigize, awatukane wafiwa mpaka wacheke, ndipo majivu yazolewe. Kabla ya hapo aliyeliliwa yuko katikati ya njia, na kupokea maandishi yake au kumwandikia ni kumvuta upande mbaya. Na mtani wao, seremala mmoja aliyeishi nao kijiji cha zamani, Operesheni ilimpeleka kwingine. Walituma mtu kumtafuta, wakaambiwa alisharudi kwao.

"Kwao wapi?" nikauliza.

"Tabora," alisema mzee. "Alikuwa Mnyamwezi. Ndiyo tunasubiri labda atapita mwingine. Bila mtani tutafanyaje?"

Nikamgeukia Gaspari taratibu. "Katekista. Mimi kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Ulijua?"

"Nani asiyejua? Ukiongea tu mtu anajua."

"Wanyamwezi na Wafipa ni watani tangu enzi za misafara. Miezi yote hii unakuja kaunta kwangu, unanirudishia barua, unaniambia ndiyo hivyo, na mtani amekaa mbele yako anakupigia mhuri! Kwa nini hukuniambia?"

Akafikiri kwa dhati kabisa. "Wewe tulijua ni wa Posta," alisema. "Na hukuuliza."

Jamani. Kama si ule ugali kuwa tumboni, ningelia. Nikavua koti la kazi, nikamwambia mama alete nguo za mwanawe. Akaleta shati jeupe la seminari, likanibana makwapani mpaka mikono ikasimama. Nikachota majivu nikajipaka uso. Majirani walishaanza kujaa uani, maana habari ya mtani haihitaji posta. Tatizo langu lilikuwa moja: huyo Krispini sijawahi kumwona. Sijui anavyotembea, sijui anavyocheka. Nilimjua kwa utovu wake wa adabu peke yake, na huo nilikuwa nao kwa maandishi.

Nikaingia uani kwa kishindo. "Shikamoo baba! Naandika kwa mara ya tatu!"

Mwanamke mmoja akaguna kicheko nyuma ya ghala.

"Barua zangu mnazipoteza au mnazila? Una miguu, huna miguu? Mimi niko huko juu miguu inaganda, soksi sijaziona, nyinyi huku mmenichinjia kuku na hata shingo sikuonja! Nani kala kuku wangu?"

"Gaspari!" akapaza sauti mama kutoka mkekani, na uani pakalipuka. Nikamkimbiza katekista kuzunguka zizi, jembe la mzee mkononi mwangu, kigango kizima kikimzomea. Nikapiga teke majivu. Nikamwambia Mzee Paskali kwamba uso wake umekunjamana kama koti lake, na kwamba nikipata mke nitamwambia baba yangu ni yule ng'ombe mwekundu, angalau yeye akiitwa anaitika. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Mama alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, na wanawake wawili walishaanza kufagia.

Ningeweza kuishia hapo. Utani ulikuwa umetosha. Lakini ile barua ya mwisho ilikuwa imenikaa kooni tangu mjini, na mtani aliyevaa nguo za mtu ana ruhusa ya kusema yote ya mtu huyo. Nikapunguza sauti.

"Baba," nikasema, "siku naondoka nilikuaga shambani. Uliinama ukaendelea kulima. Hukunijibu neno. Sasa napelekwa vitani, na neno lako sina."

Kicheko kikakatika. Mzee akainuka. Akanijia mpaka nikasikia pumzi yake, akaongea kwa Kifipa, maneno mengi, halafu nadhani akakumbuka ndani ya shati yumo nani, akarudia kwa Kiswahili.

"Niliinama kwa sababu nilikuwa nalia, mwanangu. Sikutaka unione. Na sikusema kitu kwa sababu ningefungua mdomo ningesema usiende. Nenda. Radhi yangu unayo, ulikuwa nayo tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako. Ukipanda huko juu, panda kama mtu mwenye kwao. Ukishuka, njia ya hapa unaijua."

Akachota maji kwa kata, akayatia mdomoni, akanipulizia kifuani, kama wazee wanavyobariki. Maji ya Ufipa, msimu wa mvua, na shati jepesi. Sikujifuta.

Akazipokea zile bahasha kwa mikono miwili, akampa mama zote mapajani, na Gaspari akazisoma moja baada ya nyingine mpaka sauti ikamkauka. Ilimstahili.

Nikarudi mjini na barua ya mzee mfukoni, aliyoniandikisha mwenyewe kwa mwanawe. Barua ni ya kwenda taratibu, na kijana hakuwa na muda, kwa hiyo nikaandika na telegramu: RADHI UNAYO. TULICHELEWA KWA KUKOSA MTANI. BABA. Postamasta alitaka nifute habari za mtani ili kubana matumizi. Nikakataa. Nikapiga simu Mbeya mwenyewe, ambako telegramu zetu zote zilipitia, laini inakoroma, nikasoma neno moja moja kwa kelele mpaka watu wa benki ya jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Telegramu ilirudi. Kikosi kimehama, mpokeaji hayupo. Nikaipeleka tena kwa kikosi kingine nilichoelekezwa, ikarudi tena. Barua ya mzee haikurudi wala haikujibiwa. Nimepitisha mikononi mwangu posho za watu, matokeo ya mitihani, posa, talaka, na mara moja kifaranga cha bata kwenye boksi la viatu, na karibu vyote vilifika. Huu ujumbe mmoja, niliolowa kwa ajili yake, ndio ulioshindikana! Nilimgombeza mtu wa Mbeya kwenye simu mpaka Mzee Yusufu akanipokonya mkono wa simu. Na Mzee Paskali alikuwa akija mjini kuuza ulezi anapita kaunta. "Kapata?" ananiuliza. "Bado, mzee." Anapiga makofi, ananishukuru, anaondoka. Ningependa siku moja anitukane.

Vita vikaisha. Watu wakacheza barabarani, wakaimba, sukari haikurudi. Asubuhi moja, foleni ikiwa ndefu ya watu wa hundi za posta, akafika kaunta kijana mwenye sare, mwembamba, amekondeana mashavu, begi begani.

"Habari za kazi, kaka. Samahani. Kuna barua za Mzee Paskali, wa upande wa Mwimbi? Zilizokaa bila kuchukuliwa."

Nikamtazama. "Wewe ni Krispini."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyesema nakula barua."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, kaka. Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi la Mbeya. Nimepita hapa kwanza nijue tu. Kama baba hakuzichukua, sitakwenda nyumbani. Nitarudi kambini na basi la kesho."

"Telegramu hukupata?"

"Telegramu gani?"

"Barua je? Ya baba yako?"

"Tulihamishwa hamishwa, kaka. Nilikuwa kwenye ndege za mizigo. Hakuna kilichonifikia." Akaweka begi chini. "Kila nikifunga mkanda nilijiuliza kama nina baba."

Hasira iliyonipanda hapo sijui nilikuwa namkasirikia nani. Tope lote lile, majivu yote yale, na mtoto wa watu kapigana vita vizima hajui! Nikasukuma kiti nikasimama. Mama mmoja mwenye kifurushi akasema kwa nyuma, "Kaka, foleni hiyo."

"Ngoja, mama," nikamwambia. "Huyu ana ujumbe wa kukabidhiwa mkononi."

Nikamwambia yote, pale pale juu ya kaunta, kama nilivyoambiwa. Kwamba aliinama kwa sababu alikuwa analia. Kwamba angefungua mdomo angesema usiende. Kwamba radhi anayo, alikuwa nayo tangu mgongoni kwa mama yake. Kwamba apande kama mtu mwenye kwao, na akishuka, njia ya nyumbani anaijua. Sikuongeza wala sikupunguza.

Akatoweka. Nikadhani kazimia, nikaegemea kaunta kuchungulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na sare yake, mbele ya watu wote, anapiga makofi taratibu kama mtoto wa Kifipa anavyofanya mbele ya baba yake.

"Inuka, bwana," nikamwambia. "Watu wanangoja."

Hakuinuka. Mama wa kifurushi akaweka kifurushi chake chini. Makofi yakaendelea, na mtoto akipiga makofi haondoki mpaka ajibiwe. Nilimzidi umri kwa miaka mitano tu. Nikapitisha mkono juu ya kaunta, nikauweka kichwani pake.

"Haya, mwanangu," nikasema. "Nenda nyumbani."